Lori la Athumani Lilipogoma Kuwaka

Vijana wangu, lori kuukuu likikataa kuwaka, kitu cha kwanza ni kukaa chini. Sifanyi mzaha. Tafuta jiwe, tofali, debe, chochote, ukae ulitazame. Wengi wenu nawaona mkifika mnapanda moja kwa moja kwenye usukani, mnapiga stata mpaka betri inaishiwa pumzi, halafu mnatangaza kwamba betri imekufa. Imekufa kwa sababu mmeiua ninyi. Mimi nimekuwa fundi wa malori tangu ujana wangu kule Kibondo mpaka uzee wangu huu hapa Kasulu. Mikono imekakamaa, spana nzito siziwezi tena, lakini kukaa chini bado naweza. Siku hizi nakaa sana, hata pasipo na lori mbele yangu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Ntakije. Alikuwa na karakana Kibondo, ya mabati manne na sakafu ya udongo uliolowa oili mpaka ukawa mweusi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake alikitoa kidogokidogo kama anayegawa sukari. Lori likivutwa kuletwa kwake, hakuligusa. Alimsalimia dereva kwa Kiha, "Mwakeye," akamngoja aitikie, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Mara ya mwisho, lilizima lenyewe au ulilizima wewe?"

Mimi nilikuwa kijana wa kukimbiliakimbilia, nilidhani ni swali la kupotezea muda. Siku moja nikamuuliza lina faida gani. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, polepole, akasema, "Lililozima lenyewe lina ugonjwa. Lililozimwa na mtu halikuwa na ugonjwa wakati ule. Basi mtafute mtu, alifanya nini." Nikaitikia kwa heshima, ndiyo mzee, na nisielewe hata nusu yake.

Nilielewa kidogo siku ya nyigu. Lori lilitoka Kasanda na magunia ya maharage, likalala hapo karakanani wiki nzima likimsubiri tajiri wake. Siku ya kuondoka, halikuwaka. Mzee Ntakije hakuwepo. Nikajitia fundi mkuu. Nilifungua nozeli zote za kunyunyizia dizeli, nikazisafisha, nikazirudisha, nikatoa upepo kwenye mafuta, nikafungua tena. Nilikuwa nimelowa dizeli mpaka kwenye soksi. Mzee aliporudi alimwambia dereva apige stata, yeye akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la hewa. Kiganja hakikuvutwa. Akaingiza waya, akatoa donge la udongo, nyumba nzuri kabisa ya nyigu, na watoto wao ndani. Lori likawaka papo hapo. Mzee hakunigombeza. Alinipa lile donge akaniambia niliweke mfukoni hadi jioni, na kila mteja aliyekuja aliniomba nilioneshe. Tangu siku ile, injini ya dizeli ikigoma, najiuliza mambo matatu kwa mpangilio: inazunguka? inavuta hewa? inapata mafuta? Ninyi mna mashine za kuchomeka zinazowaambia tatizo liko wapi, na mimi nazipenda, zingeniokoa soksi nyingi. Lakini malori ya zamani hayana pa kuchomeka. Hapo mnarudi kwa Mzee Ntakije.

Zamani hizo stata nzima ilikuwa anasa. Kama mnavyojua, kwetu huku ni milima mitupu, na dereva asiye na stata aliegesha mteremkoni. Asubuhi anaondoa jiwe la tairi, lori linateremka, anaingiza gia, linawaka. Hata nyumba za kulala wageni ziligawanyika. Zilizokuwa kwenye tambarare zilikuwa na vitanda vizuri na hazina watu. Zile za mteremkoni zilikuwa na kunguni na zilijaa kila siku. Mwezi wa saba, baridi ya Kibondo ikiuma, madereva waliweka jiko la mkaa chini ya injini ili oili ilainike, wakalizunguka wakiota moto na kusimuliana uongo wa barabarani. Nakumbuka zile asubuhi kuliko nyingine zote. Sijui kama nazikumbuka kwa sababu ya kazi au kwa sababu tulikuwa wengi.

Sasa niwaambie habari ya lori la Athumani. Ndilo la mwisho nililolishika, na sina hakika kama nitashika jingine.

Athumani alikuwa jirani yangu, ukuta wetu wa tofali mmoja, ua wake huu na wangu huu. Alitoka Tanga akiwa utingo wa lori, likaharibikia Kasulu, akalisubiri, na alipokuwa akisubiri akamwona Asha, msichana wa Kasanda aliyekuwa akiuza ndizi sokoni. Lori lilipopona liliondoka bila yeye. Hawakujaliwa watoto. Baadaye alipata lori lake mwenyewe, la buluu, la zamani, bodi ya mbao, na kulipakia mahindi na maharage ndiko kulikowalisha yeye na mkewe miaka yote. Lori hilo alilipa jina, akaliita Bi Mkubwa. Bi Asha alikuwa akilalamika mbele za watu kwamba ameolewa bi mdogo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sisi tulicheka, na Athumani alicheka kuliko sote.

Na kweli lilikuwa kama mke mwenza. Jioni Athumani akirudi, alizima injini, akashuka, akafunga mlango, kisha akapitisha mkono ubavuni mwa lori, pale nyuma ya ngazi ya kupandia, akalipapasa kidogo. Ndipo alipoingia ndani kumsalimia mkewe. Hakuwahi kukosa. Awe amechoka, awe anaumwa, mvua inyeshe, alilipapasa. Mimi Mha najua mtu anayempapasa ng'ombe wake jioni, kwa hiyo sikushangaa sana. Nilimtania, "Athumani, limekuitika?" Naye alijibu kwa Kiswahili chake cha pwani, "Limeniitika, maalim. Wewe lako ni wivu."

Nilipofiwa na mke wangu Yustina, Athumani ndiye aliyenitoa ndani. Hakusema maneno ya kufariji. Alikuja ukutani akaita, "Fundi, Bi Mkubwa anakohoa, njoo umsikilize." Nikaenda, nikasikiliza, halikuwa na kitu chochote. Kesho yake akaniita tena. Baada ya siku kadhaa nikagundua kwamba ananiita wakati wa chakula. Nimekula kwa Athumani na Bi Asha tangu hapo. Watoto wangu wako mbali, mmoja Mwanza na mwingine Dar es Salaam. Wanapiga simu, wananiuliza, "Baba, uko salama?" na kabla sijaamua kama niko salama, simu imekwisha. Siwalaumu, wana kazi na watoto. Ninasema tu kwamba meza yangu ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Athumani alirudi jioni moja kutoka Kibondo, akaegesha, akafanya kama siku zote, akaingia ndani akisema kifua kinambana. Hakupanda tena lori. Tulimzika Kasulu, kwa sababu mwenyewe alishasema Tanga hamjui mtu tena.

Bi Asha alikaa eda. Lori nalo lilikaa, pale pale lilipoegeshwa, vumbi jekundu likalifunika hadi rangi ya buluu ikapotea. Eda ilipokwisha ndipo mambo yalipojitokeza. Nyumba ilikuwa ya shemeji yake, Mzee Rajabu, mdogo wa marehemu, aliyemfuata kaka yake huku na kufungua duka la vitambaa. Rajabu si mtu mbaya, msimwone hivyo. Alimwambia shemeji yake kwa adabu kwamba hamfukuzi, atampa chumba cha uani aishi humo maisha yake yote, ila sehemu ya mbele anampa mwanawe anayeoa. Lori alisema ni chuma tu sasa, na wapo watu wa vyuma chakavu kutoka Kigoma watakaokuja kulikata.

Bi Asha hakukitaka chumba cha uani. Alitaka kwenda kwao Kasanda. Mdogo wake Bosco, mwanaume mtu mzima, alikuwa dereva wa malori ya kubeba maji na kuni enzi za kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa alikosa kazi, akawa analima tu. Mpango wao ulikuwa rahisi: Bosco aendeshe lori la marehemu, abebe mazao kati ya Kasanda na Kakonko na Kasulu, dada yake aishi kwa jasho la lori lake, kwenye ardhi ya baba yake. Bila lori, angefika Kasanda mikono mitupu, mjane wa kulishwa na ndugu ambao wenyewe hawashibi. Hilo hakulikubali. Akamwomba Rajabu, "Shemeji, nipe nafasi. Jirani yetu Fundi Zakayo ajaribu kuliwasha. Likiwaka ni langu, lisipowaka likate, na mimi nitaingia hicho chumba."

Rajabu akakubali, mpaka hao watu wa vyuma watakapofika.

Mmeuona mtego nilioingia? Lori likiwaka, Bi Asha anaondoka. Lisipowaka, anabaki ng'ambo ya ukuta wangu. Na aliyekabidhiwa spana ni mimi.

Nilianza kwa kukaa chini. Bosco alikuja kutoka Kasanda, akapanda usukanini, nikamwambia ashuke kwanza. Kisha nikafuata mpangilio. Betri ilikuwa imekauka. Tukaazima nyingine kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Vichwa vya nyaya vilikuwa vimeota ule ukungu wa kijani na mweupe. Huo msiukwangue kwa kisu, umwagieni maji ya moto na utaondoka wenyewe. Tukapiga stata, ikasema kak, basi. Mwingine angeishusha stata. Mimi stata ile niliitengeneza kwa mikono yangu na nilikuwa naiamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Nikafuata waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye chesisi, nikakuta kutu imekula pale unaposhikiwa. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Umeme ni lazima urudi ulikotoka, vijana, na mafundi wengi huangalia njia ya kwenda tu.

Bosco akapiga stata. Injini ikazunguka vizuri, ikakohoa moshi mweupe, ikawaka.

Bi Asha alikuwa mlangoni. Akapiga kigelegele kimoja, kirefu, cha kule kwao. Injini ikanguruma vizuri kabisa, kisha sauti ikaanza kupungua, ikakohoa mara mbili, ikazima. Tulipiga stata tena na tena. Halikuwaka. Kigelegele kile nilikisikia masikioni siku kadhaa.

Sasa, lori lililowaka kidogo likafa linakwambia kwamba limekula mafuta yaliyokuwa karibu, kwenye chujio na mabomba mafupi, na nyuma yake hayaji mengine. Hilo nililijua saa ile ile. Nikabadilisha chujio la dizeli. Nikafungua skrubu ya kutolea upepo, nikapiga pampu ya mkono. Ilianza laini, halafu ikawa ngumu, haivuti. Nikashusha pampu ya kuvuta mafuta, nikaikagua, ilikuwa nzima. Nikachomoa bomba pale linapoingia kwenye pampu, nikapuliza kuelekea tenki, na sikio la Bosco likiwa kwenye mdomo wa tenki. Ukisikia maji yakichemka ndani, njia iko wazi. Bosco akatikisa kichwa.

"Kimya, fundi."

Nikasema ni uchafu wa tenki. Tukalishusha tenki, tukalifua, tukatoa matope ya kutosha kupandia mchicha. Tukarudisha, tukapuliza. Kimya tena. Lilibaki bomba lenyewe, na hilo nikawa naliahirisha.

Haya yote hayakufanyika kwa siku moja. Na hapa niwaambie kitu ambacho fundi hasemi kwa mteja. Kila asubuhi niliamka nikiwa na pa kwenda. Naruka ukuta kwa ile ngazi ya mbao aliyoiweka Athumani, namkuta Bi Asha ameshaweka chai na kiporo cha muhogo juu ya debe. "Mwakeye, shemeji," ananisalimia, naitikia. Ananiuliza usiku nimelalaje. Jioni ananiuliza mgongo umeshindaje na lori. Tangu Yustina afariki hakuna aliyeuliza habari za mgongo wangu. Nilijikuta nasafisha boliti ambazo hazikuhitaji kusafishwa. Bosco alirudi Kasanda kupalilia, nikamwambia nitamwita nikiwa tayari, na sikuwa na haraka ya kumwita.

Kisha Rajabu akaja na habari kwamba watu wa vyuma wanafika Jumamosi.

Jioni ya siku ile nilikaa kwenye jiwe langu nikilitazama lori, nimechoka na nimeona aibu. Bi Asha akaniletea chai akasimama karibu nami. Akalitazama lori. Akacheka kidogo.

"Unajua shemeji, mwenzio alilisalimia hili kabla yangu. Miaka yote! Nilimwambia, siku utakayonianza mimi, nitajua unakaribia kufa. Akaniambia, basi sitakuanza."

"Na siku ile ya mwisho?" nikamuuliza.

"Alilianza lenyewe. Kifua kinambana hivyo, nikamwona kwa dirisha ameinama pale, ameshikilia, mpaka nikadhani anaanguka. Akalipapasa, ndipo akaja."

Akakusanya vikombe akaingia ndani. Mimi nikabaki na neno moja kichwani. Ameinama. Mtu akimpapasa ng'ombe hainami. Ubavu wa lori uko usawa wa bega.

Lilizima lenyewe au alilizima yeye? Alilizima yeye. Lilikuwa zima, alitoka nalo Kibondo likipanda milima yote. Mtafute mtu, alifanya nini.

Nikaenda pale nyuma ya ngazi ya kupandia, nikainama, nikapeleka mkono chini ya bodi. Bomba la mafuta linapita hapo. Lilikuwa limezungushiwa mpira wa tyubu ya tairi, umefungwa kwa waya. Mpira huo nilikuwa naujua. Nimeuona mara nyingi nikiwa chini ya lori lile na kila mara niliamini ni kinga ya bomba lisisuguane na chesisi. Safari hii nikaupapasa wote kwa vidole. Upande wa juu, usioonekana kwa aliyelala chini, ulikuwa na mpasuo. Ndani yake kulikuwa na koki. Mpini wake mdogo wa shaba ulikuwa laini kabisa, umesuguliwa na kidole kimoja kwa miaka. Ulikuwa umekaa kwa kukingama. Umefungwa.

Ninyi hamkuiona miaka ile. Barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa na majambazi wa kuteka magari, magari yalisubiriana yakaenda kwa msafara na askari mbele. Kila dereva alijitengenezea siri yake. Wapo waliochomoa waya, wapo waliobeba fyuzi mfukoni, na wapo waliofunga koki mahali kwenye bomba la mafuta. Mwizi akiwasha, lori linawaka, linakwenda kidogo, linamzimikia porini, anaamini limeharibika analiacha. Ilikuwa mwiko kumwambia mtu yeyote. Usimwambie utingo, mke wala fundi, kwa sababu anayejua anaweza kubanwa aseme. Sisi mafundi tuliletewa malori koki zikiwa zimefunguliwa, na hatukuuliza. Majambazi walikwisha, barabara imetulia, na Athumani aliendelea kufunga koki yake kila jioni hadi jioni ya mwisho. Miaka yote nilimtania kwa mapenzi yake kwa lori, kumbe mtu anafunga mlango. Au labda yote mawili, sijui. Nililia hapo chini ya bodi, nawaambieni bila haya, nililia kwa sababu alikuwa rafiki yangu na hata mimi hakuniambia, na alifanya sawasawa.

Kisha nikatoa mkono, koki nikaiacha imefungwa vile vile.

Nikarudi nyumbani kwangu. Nilijua ninachokifanya. Sikuhitaji kusema uongo wowote, nilihitaji kunyamaza tu mpaka Jumamosi, na kila mtu angenishukuru kwa kujaribu. Bi Asha angeingia chumba cha uani, na chumba kile kinapakana na ukuta wangu. Nilijiambia kwamba Kasanda ni baridi, kwamba Bosco anaweza kulipindua lori kwenye kona za kule, kwamba mama wa umri wake atatunzwa vizuri zaidi mjini. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Asubuhi nikavuka ukuta. Chai ilikuwa tayari. Bi Asha alikuwa amekwishaanza kuhamisha vyombo, sufuria zake zimepangwa kwenye mlango wa chumba cha uani. Aliniona nazitazama.

"Shemeji, usijisikie vibaya," akasema. "Umelihangaikia vya kutosha. Hata lisipowaka, nitakaa tu hapa. Nitazoea."

Alilisema kwa upole, ananifariji mimi. Lakini neno hilo nilikuwa nalijua ndani na nje. Nilikwishazoea mimi. Nilizoea kupika ugali wa mtu mmoja, nilizoea kuwasha redio ili nyumba iwe na sauti, nilizoea kulala mapema kwa sababu hakuna wa kukesha naye. Sikuwa na adui ambaye ningemtakia kuzoea hivyo, sembuse mwanamke aliyenilisha.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Mpigie Bosco aje. Leo leo."

Alipoingia ndani kutafuta simu, nikainama pale nyuma ya ngazi, nikazungusha ule mpini wa shaba ukalala sambamba na bomba. Nikapiga pampu ya mkono. Ikavuta. Povu likatoka kwenye skrubu ya upepo, kisha dizeli safi bila povu. Nikakaza. Bosco alifika mchana kwa basi, akapanda, akapiga stata mara moja. Lori likawaka na likaendelea kuwaka, vioo vya nyumba vikitetemeka. Safari hii Bi Asha hakupiga kigelegele. Alisimama pale ameweka kiganja kifuani, akingoja lizime. Halikuzima. Alipoamini, akaja akanishika mikono yote miwili na oili yake.

"Lilikuwa na nini, shemeji?"

"Uchafu kwenye bomba," nikamjibu.

Rajabu mwenyewe alikuja kupakia, akabeba kabati mgongoni na shati lake la dukani, akampa shemeji yake doti ya khanga mpya. Wakati wanafunga kamba, nikamwita Bosco pembeni. Nikauchukua mkono wake nikaupeleka kwenye mpasuo wa mpira, bila neno, mpaka vidole vyake vikakutana na mpini. Alikuwa dereva, hakuhitaji maelezo. Akanitazama, macho yakamtoka.

"Kila jioni," nikamwambia. "Kila asubuhi unafungua. Usimwambie mtu."

"Hata dada?"

"Dada hasa."

Kwa nini nilisema hivyo? Koki haikuwa yangu, ilikuwa ya Athumani, na yeye hakumwambia. Na kulikuwa na jambo jingine. Bi Asha alibaki na mume aliyelipapasa lori lake kila jioni, akawa analionea lori wivu wa kucheka. Sikuwa na sababu ya kumpa koki badala yake. Sasa nimewaambia ninyi, na kama siku moja atasomewa haya, najua atanisamehe, huku akinicheka.

Waliondoka. Bi Asha alikaa mbele, ameshika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja, ananipungia kwa mwingine mpaka kona ya sokoni. Nilibaki uani. Pale lori lilipokuwa palibaki doa la oili na mstatili wa ardhi isiyo na vumbi. Bodaboda zilipita nje zikipiga honi. Nikakaa kwenye jiwe langu kwa mazoea, kisha nikaona hakuna cha kutazama, nikavuka ukuta kurudi kwangu.

Magharibi simu ikaita. Alikuwa Bi Asha.

"Shemeji, tumefika. Shemeji, Bosco kashuka, hata hajawasalimia wazee wamesimama pale, kaenda ubavuni, kainama, kalipapasa lori vile vile. Vile vile kama marehemu! Nimelia mpaka watu wamenishika. Kafundishwa na nani?"

"Madereva ndivyo walivyo," nikasema.

Nikasikia ng'ombe na watu wanaoongea Kiha nyuma yake, watu wengi. Kisha akaniuliza, "Na wewe umekula?"

Nikamwambia nimekula. Simu ilipokatika nikaenda kuwasha jiko, ili nisiwe nimemdanganya.